Mtoto Asiyegeuka Akiitwa

Hotuba ya mwanachama mwenzetu, mzazi, aliyoitoa katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu jijini Dar es Salaam. Imechapwa hapa kwa ombi la wajumbe.

 

Katibu aliponipigia simu alinipa robo saa. Akasema, "Zungumza juu ya afya, lakini usitutishe, watu watakuwa wamekula pilau." Nitajitahidi. Nimekuja kusema juu ya mwanangu wa pili, na juu ya watoto wengine walioko nyumbani leo hii ambao bado tunaweza kuwawahi. Mwishoni nitawaomba fedha, kama kawaida ya mkutano huu.

Mwanangu alizaliwa mwaka 2012, mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa mtoto mchangamfu, anacheka, anapiga kelele zake za kitoto. Alipofika miezi saba akapata homa kali na degedege. Akalazwa, akachomwa sindano siku nyingi, akapona. Tulimshukuru Mungu, tukachinja mbuzi. Hakuna aliyetuambia kwamba mtoto akitoka kwenye homa ya namna ile anatakiwa apimwe masikio, na sisi hatukujua kuuliza.

Krismasi ile tulikwenda nyumbani. Mama yangu ndiye wa kwanza kuona. Alikuwa ameketi nje anachambua dagaa, mtoto yuko kwenye mkeka amempa mgongo. Mama akadondosha sinia la bati kwenye saruji. Kuku wakakimbia na mbwa akaamka, lakini mtoto akaendelea kuchezea kifuniko chake. Mama akaniambia, "Baba, huyu mtoto hageuki." Nikamjibu kwa jeuri ya msomi wa mjini: "Mama, hata mimi ulisema nilichelewa kuongea." Mama akanyamaza. Wazee wetu wakinyamaza namna ile, mara nyingi wameshaona.

Tuliporudi mjini tulimpeleka kliniki, tukaambiwa tusubiri, watoto wa kiume huchelewa kuongea. Jibu lile lilitupendeza kwa sababu ndilo tulilolitaka. Tukasubiri mwaka, tukasubiri wa pili.

Alipokuwa na miaka mitatu tulikuwa tena likizo nyumbani. Mnaijua barabara ile inayotoka Bunda kwenda Makutano, malori ya Sirari yanavyopita. Mtoto akakimbilia mpira kuelekea lami. Nikamwita kwa jina, nikaita kwa sauti yote, vijana wa bodaboda nao wakaita, "Mura! Mura!" Hakugeuka. Kijana mmoja alimnyakua lori likiwa hatua chache. Wazee wangu, nilimchapa mtoto yule. Nilimchapa kwa ukaidi, kwa kuitwa mara kumi asisikie. Na kweli alikuwa hasikii. Naomba mnisamehe kulisema jambo hili mbele ya watu, lakini najua humu ndani siko peke yangu, na najua huko nyumbani kuna mtoto aliyechapwa wiki hii kwa kosa hilohilo.

Aliyetuokoa na ujinga wetu ni mwalimu wa chekechea. Alisimama nyuma ya mtoto akagonga sufuria, akatupigia simu siku hiyohiyo. Ndipo tukaenda kwa wataalamu wa masikio, pua na koo. Walimpima akiwa amelala, kwa waya ndogo zilizobandikwa kichwani, zinazoonyesha kama ubongo unapokea sauti. Mashine ilipiga sauti kubwa kama ya pikipiki iliyotolewa ekzosi. Mstari kwenye kioo haukutikisika. Ilikuwa mwaka 2017 naye ameshatimiza miaka mitano.

Ngoja nieleze nilichofundishwa siku zile, kwa maneno ya kawaida.

Sauti inaingia kwenye tundu la sikio, inapiga ngoma ya sikio, inasukuma vifupa vitatu vidogo, kisha inafika kwenye sikio la ndani. Huko ndani kuna kitu kilichojikunja kama gamba la konokono, kinaitwa koklea. Ndani ya koklea kuna maelfu ya seli zenye vijinywele vidogo sana. Vijinywele hivyo vikitikiswa na sauti vinaigeuza kuwa umeme, na umeme ule unapita kwenye mshipa wa fahamu hadi kwenye ubongo. Kwa binadamu, vijinywele hivyo vikifa havioti tena. Hakuna dawa ya hospitali inayoviotesha, wala mizizi, wala mafuta ya upako yanayouzwa kwa chupa.

Kama vijinywele vimebaki kiasi, mtu anavishwa shimesikio, kifaa kinachoongeza ukubwa wa sauti. Kama vimekufa karibu vyote, hata ukiongeza sauti ni sawa na kupiga kelele kwenye simu iliyozimwa. Hapo ndipo kinapokuja kifaa cha kupandikizwa kwenye koklea.

Kifaa hicho kina sehemu mbili. Ya nje inakaa nyuma ya sikio: ina maikrofoni ya kunasa sauti na kompyuta ndogo ya kuichambua. Ya ndani inawekwa na daktari chini ya ngozi ya kichwa, nayo ina waya mwembamba kama uzi unaoingizwa kwenye koklea. Sehemu hizi mbili zinashikana kwa sumaku, ngozi ikiwa katikati. Waya ule unafanya kazi ya vijinywele vilivyokufa: unapeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa kusikia. Madaktari wa Ufaransa, Djourno na Eyriès, walijaribu jambo hili mwaka 1957. House wa Marekani akafuata mwaka 1961. Mwaka 1978 Profesa Graeme Clark wa Melbourne, Australia, ambaye baba yake mwenyewe alikuwa na tatizo la kusikia, alimwekea mgonjwa kifaa chenye njia nyingi za sauti. Leo watu wengi sana duniani wanakitumia.

Na sisi Watanzania? Kwa miaka mingi njia ilikuwa moja, kwenda nje, hasa India, kwa wachache waliolipiwa na Serikali au waliouza walichokuwa nacho. Juni 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ikaanza kufanya upandikizaji huu hapahapa nchini, madaktari wetu wakishirikiana na wataalamu kutoka nje. Wakati ule ilielezwa kwamba mtoto mmoja kwenda nje aligharimu kati ya shilingi milioni 80 na 100, na kwamba hapa nchini ingekuwa chini ya nusu ya hapo. Hizo bado ni fedha nyingi mno kwa mkulima wa mihogo. Lakini mlango ulifunguka.

Ulifunguka mwaka uleule tuliopima mwanangu. Mnaweza kufikiri basi tulikuwa na bahati. Nami nilifikiri hivyo. Nilikwenda na jalada lake nikiwa nimeshaanza kuhesabu nani nitamkopa. Wataalamu walilitazama kwa makini, wakampima tena, wakapiga picha za kichwa, kisha wakatukalisha, mimi na mama yake, wakatueleza kwa upole.

Walisema mambo mawili. La kwanza, ubongo wa mtoto hujifunza sauti katika miaka ya mwanzo. Mtoto aliyezaliwa kiziwi, au aliyepoteza usikivu kabla ya kuongea, anafaidika zaidi akipata kifaa kabla ya miaka mitatu, na kadiri anavyochelewa ndivyo faida inavyopungua. Sehemu ya ubongo iliyokuwa ingoje sauti inapewa kazi nyingine. La pili liliniuma zaidi. Homa ile ya miezi saba, walisema, inaelekea ilikuwa homa ya uti wa mgongo, na homa hiyo ina tabia ya kuacha mfupa ukiota ndani ya koklea. Picha zilionyesha koklea za mwanangu zimejaa mfupa. Waya usingepita. Angepimwa wiki chache baada ya kutoka wodini, akawahishwa, huenda ungepita.

Kwa hiyo ndugu zangu, hata kama chama hiki kingenichangia milioni 40 siku ile, zisingemsaidia mwanangu. Fedha hazikuwa tatizo la kwanza. Tatizo la kwanza lilikuwa miaka minne na nusu tuliyosubiri.

Kwenye benchi la kusubiri nilikaa na mama mmoja aliyetoka mkoa wa mbali na mtoto wa miaka miwili. Tuliwasiliana baadaye. Mtoto wake alifanyiwa upasuaji. Kifaa hakiwashwi siku ileile: wanasubiri kidonda kipone, wiki kadhaa, ndipo wanakiwasha. Siku kilipowashwa mtoto alilia kwa hofu. Hakuanza kuongea kesho yake. Ilibidi arudi hospitali mara nyingi kurekebishiwa sauti, na mama akafundishwa mazoezi ya kumzungumzisha kila siku nyumbani: hiki ni kijiko, huyu ni paka. Baada ya kama mwaka mmoja akamwita mama. Leo yuko shule ya kawaida. Lakini mama yule ananiambia habari za betri, za waya unaokatika, za kuogopa mvua, za nauli, na anajua siku moja sehemu ya nje itachakaa na itadai kubadilishwa kwa fedha nyingi. Nalisema hili ili asiwepo mtu wa kudhani ukilipa upasuaji umemaliza. Upasuaji ni mwanzo wa safari.

Na mwanangu? Ana miaka kumi na miwili. Yuko bweni, shule yenye kitengo cha viziwi, Darasa la Tano, anaongoza kwa hesabu na ananishinda bao. Anatumia Lugha ya Alama ya Tanzania. Mama yake na dada yake waliijifunza haraka, mimi nilichukua miaka miwili kwa sababu ya vidole vigumu na kiburi. Siku niliyoweza kumuuliza "Umeamkaje?" na yeye akanijibu kwa habari ndefu ya ndoto aliyoota, nilielewa kwamba kumbe kwa miaka sita nilikuwa naishi na mtu nisiyemjua. Niliwahi pia kumwomba radhi kwa ile siku ya barabarani. Aliniambia anaikumbuka fimbo lakini hakuwahi kujua ilikuwa ya nini.

Kwa hiyo naomba tuache kabisa neno "bubu". Kiziwi anayo lugha yake. Wapo viziwi walimu, mafundi na wazazi bora, na wanacho chama chao cha kitaifa, CHAVITA. Kinachomharibu mtoto ni kukaa bila lugha yoyote, ya mdomo wala ya alama, huku miaka inapita. Mtoto anayewahiwa anaweza kupewa kifaa, au lugha ya alama, au vyote viwili. Anayefichwa nyuma ya nyumba hapati hata kimoja.

Sasa nirudi nyumbani. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya upotevu wa usikivu, na kwamba kwa watoto, karibu visa 60 katika kila 100 vinatokana na mambo yanayoweza kuzuilika. Yanazuilika na watu kama sisi, kwa fedha ndogo. Nitataja machache.

Chanjo. Rubela ikimpata mama mjamzito humwachia mtoto uziwi na matatizo ya moyo na macho. Chanjo ya surua na rubela ilianza kutolewa nchini mwaka 2014. Chanjo ya nimonia, inayokinga pia aina mojawapo ya homa ya uti wa mgongo, ilikuja 2013, mwaka mmoja baada ya mwanangu kuugua. Hizi zipo kliniki bure. Tusimruhusu mtu yeyote kutania kuhusu chanjo.

Usaha masikioni. Nyumbani tunaona mtoto anatoka usaha tunasema ni meno, tunamtilia mafuta ya kupikia au maji ya majani. Usaha wa muda mrefu hutoboa ngoma na kula vifupa. Mpeleke zahanati, kausha sikio, usitie kitu bila ushauri.

Dawa. Zipo sindano na dawa kali zinazookoa maisha lakini zinaweza kuharibu masikio zikizidi au zikitumika ovyo. Usinunue sindano dukani ukachomwa na jirani. Ukiwa kwenye tiba na masikio yanavuma, mwambie mganga wako upesi.

Kelele. Vijana wetu wa machimboni, wanaosaga mawe kwenye makarasha Buhemba na kwingineko, wanasimama siku nzima kando ya mashine bila kitu masikioni. Wakirudi jioni wanapaza redio mpaka mwisho. Uziwi wa kelele hauumi, unakuja taratibu, na haurudi nyuma. Vizibo vya masikio vya sponji ni bei ya soda.

Na dalili. Naomba akina bibi mzishike, kwa maana nyie ndio mnaoona kwanza. Mtoto mchanga anatakiwa ashtuke kwa kishindo. Wa miezi sita ageukie sauti. Wa mwaka mmoja ajue jina lake na aanze neno la kwanza. Wa miaka miwili aunganishe maneno mawili. Asipofanya hivyo, msingoje. Na msidanganywe na kelele za mtoto wa miezi minne au mitano: hata mtoto kiziwi hubwabwaja miezi hiyo ya mwanzo, kisha ananyamaza. Tulidanganyika nazo sisi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimesikia kwamba mwaka huu kuna pendekezo tuchange kwa ajili ya mtoto mmoja apate upandikizaji, kama alama ya upendo wetu. Nalipenda wazo hilo, na nadhani wengine wamelitoa kwa ajili ya familia yangu. Lakini naomba tusianze hapo. Tukianza hapo tutatafuta mtoto, tutampata ana miaka saba, na tutarudi kama nilivyorudi mimi.

Napendekeza tuanze na mambo matatu. Kwanza, tununue kifaa kidogo cha kupima usikivu wa watoto wachanga. Kinawekwa sikioni mtoto akiwa amelala, kinatoa sauti na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye koklea, dakika chache tu. Kifaa hicho kikae mahali ambapo akina mama wa Kiabakari na vijiji vya jirani wanakwenda kliniki, kwa makubaliano na Halmashauri yetu ya Butiama, na wauguzi wawili wafundishwe kukitumia. Pili, tuanzishe mfuko wa nauli na malazi, ili mtoto atakayeonekana ana shida asikwame kati ya Kiabakari na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Kwangwa, au kati ya Kwangwa na Bugando, au kati ya Bugando na Muhimbili, zaidi ya kilomita 1,000. Watoto wengi hupotelea njiani, jalada likiwa kwenye mfuko wa rambo. Tatu, tuwalipie walimu wa shule zetu za msingi na wazazi husika mafunzo ya lugha ya alama, kwa ajili ya wale ambao muda wao umeshapita. Hao tunao tayari, na hawawezi kusubiri.

Tukiyafanya hayo mwaka huu na ujao, ndipo tutampata mtoto wa miezi kumi ambaye bado ana muda. Siku hiyo tuje hapa tuchange kwa ajili ya upandikizaji wake, nami nitakuwa wa kwanza.

Najua kuna paa la madarasa na kuna kisima. Sisemi viachwe. Nasema kisima kikichelewa mwaka mmoja kitachimbwa mwakani na maji yatakuwa yaleyale. Mtoto wa miezi kumi akicheleweshwa miaka mitatu, hatutaweza kumrudisha alipokuwa.

Kwa kuanzia, mimi na mama watoto tunatoa shilingi 500,000 kwa ajili ya mfuko wa nauli. Mwanangu naye alipoelezwa habari hizi alitoa shilingi 2,000 kwenye akiba yake ya bweni, akasema ni za kununulia betri za mtoto atakayepatikana. Ninazo hapa mfukoni, namkabidhi Mhazini mbele yenu.

Na mkienda nyumbani sikukuu hii, mkiona mtoto anaitwa na hageuki, msiseme ni mkaidi. Dondosheni sinia nyuma yake. Kisha mtupigie simu.